Daftari la Miadi Mkononi mwa Mtu wa Kukodiwa

Zamani, kukiita chama cha kasida hakukuwa na shughuli kubwa. Mwenye nyumba akitaka kuoza, au kutahiri wanawe, au akifikiwa na arobaini ya mzazi wake, alimtuma kijana kwa mwalimu wa chuo akamwambia, "Mzee asema awataka usiku fulani." Mwalimu akajibu, "Inshallah," na jambo likawa limekwisha. Hapakuandikwa kitu, kwani chama kilikuwa kimoja mtaani na nyumba zilizokiita zilijuana. Lau nyumba mbili zingetaka usiku mmoja, wazee wa nyumba hizo wangekutana msikitini baada ya Alasiri wakapatana wenyewe nani atangulie na nani angoje.

Leo sivyo. Chama cha chuo kimoja cha hapa Tanga huitwa Pangani, huitwa Pemba, huvuka mpaka kwenda Mombasa. Kina vijana thelathini, sare za namna mbili, vipaza sauti vya kukodi na gari la kukodi. Simu ya mwalimu hulia na mtoto yuko mbele yake anasoma. Akiipokea huharibu somo. Asipoipokea, aliyepiga huona amedharauliwa. Kwa ajili hiyo limezuka jambo ambalo wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kukutana nalo bila kulijua jina. Wapiga simu kukiita chama, na anayekujibu si mwalimu wala si kijana wa chama, bali ni mtu wa mji mwingine kabisa, aliyekodiwa ashike daftari la miadi. Pengine mtu huyo huyo ashika madaftari ya vyama vitano sita: hiki cha kasida, hiki cha taarabu, hiki cha ngoma, hiki cha michezo ya kuigiza. Wanachama hawajui kwa nyuso. Awajua kwa tarehe zao.

Wako wazee wanaolichukia jambo hili, wakisema kwamba maulidi si duka hata yawekewe karani. Na wako vijana wanaolipenda mno, wakidhani kwamba chama kikiwa na karani wa mbali basi kimekuwa kikubwa. Sisi twaona pande zote mbili zimefanya haraka. Yafaa kwanza kuitazama kazi yenyewe.

Si geni katika pwani yetu kwamba safari za waimbaji zipangwe na mtu asiye mwimbaji. Siti binti Saad na wenziwe walipokwenda Bombay mwaka 1928 kuzitia sauti zao katika sahani za santuri, waliopanga safari ile walikuwa watu wa kampuni ya santuri, wala si wapiga udi. Lakini kushika daftari peke yake, bila kuwa mwenye kampuni wala mwenye chama, ni kazi iliyopata kukomaa mahali pengine, na mfano ulio wazi kabisa ni wa London. Huko wapiga ala wengi hawana ajira ya kudumu; leo huitwa na okestra hii, kesho na ile. Mpiga fidla awapo jukwaani hawezi kupokea simu, na mtu wa okestra atafutaye wapigaji hana subira: asipojibiwa hulipita jina hilo akaenda kwa la pili. Basi ziko ofisi ambazo kazi yake ni kuzishika siku za watu hao. Mpiga fidla huiachia ofisi habari za siku zake zote, zilizo tupu na zilizojaa, naye huilipa ada. Ofisi humjibu mwitaji papo hapo. Kazi hii ilikuwako kabla ya simu za mkononi, na simu hizo zilipokuja haikufa, kwa kuwa taabu haikuwa kukosekana kwa simu. Taabu ilikuwa kukosekana kwa mtu wa kujibu.

Watu wa kazi hiyo wana desturi moja ambayo tungeitamani huku kwetu. Kwao, tarehe haiwi ya mtu mpaka imethibitishwa. Kabla ya hapo huwa imeshikwa tu. Mwitaji wa kwanza hupewa mshiko wa kwanza, na ajaye baadaye akitaka siku ile ile hupewa mshiko wa pili, naye huambiwa wazi kwamba yuko mwenziwe mbele yake. Wa pili akiwa tayari kutoa neno la mwisho, wa kwanza huulizwa: wathibitisha au waachilia? Hupewa muda mfupi wa kujibu, aghlabu siku moja au mbili. Kwa desturi hii hapana anayedanganywa. Ama sisi, neno letu ni moja kwa hali zote. Asemaye "Inshallah" huenda ameahidi kwa moyo wake wote, huenda amesema "nitatazama", na huenda amekataa kwa adabu. Neno hilo tukufu tumelibebesha mizigo mitatu, kisha twastaajabu nyumba mbili zinapopika usiku mmoja zikimngoja mgeni mmoja.

Basi faida ya karani wa kukodiwa tumekwisha kuiona: yupo wa kujibu, tarehe yaandikwa, na mwitaji aelezwa hali yake. Tena kuna programu za kalenda katika simu zisizotakiwa malipo, ambazo karani, mwalimu na dereva wa gari waweza kuitazama siku ile ile kila mmoja mahali pake, na akibadilisha mmoja wote huona. Hayo ni mepesi. Mazito ni kwamba kalenda ya chama cha kasida si kalenda moja.

Miezi yetu ni ya mwandamo. Mwezi huwa wa siku 29 au 30, na miezi 12 hupata siku 354 au 355, yaani hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kwa hiyo Mfungo Sita, ambao ndio mavuno ya vyama vya maulidi, hurudi nyuma kila mwaka. Usiku wa maulidi ulikuwa katikati ya Septemba 2024 na mwanzoni mwa Septemba 2025. Wa 2026 ni wa mwishoni mwa Agosti, na wa 2027 wa katikati ya Agosti. Karani anayenakili daftari la mwaka jana katika la mwaka huu, kama wafanyavyo wanaoshika madaftari ya sherehe za Krismasi, atakosea tangu ukurasa wa kwanza. Kadhalika harusi hujaa Shaabani, kabla ya kufunga, na hujaa tena Mfungo Mosi, baada ya Idi. Na Ramadhani yenyewe, ambayo wapiga taarabu hufunga vinanda vyao, nayo yatembea. Mwaka 2027 yatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Hata wenye tamasha la Sauti za Busara la Unguja, lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa desturi hufanywa Februari, hawawezi kupanga tarehe bila kuutazama mwezi wa mbinguni. Na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Karani akiliona hilo katika kompyuta yake atadhani mashine imeharibika.

Tena programu za simu zaweza kuonyesha tarehe za hijra, lakini nyingi huonyesha kwa kalenda ya Ummul-Qura, ambayo ni ya hesabu nayo hutumiwa na serikali ya Saudia. Sisi huku huungojea mwezi wenyewe, na tangazo la Mufti au la Kadhi Mkuu, na siku moja ya khitilafu ni jambo la kawaida. Katika harusi siku moja si kitu, kwani harusi huwekwa kwa tarehe ya miladi. Lakini mtu aliyesema "usiku wa mwezi kumi na mbili" amesema usiku usiojulikana bado. Dawa yake ni nyepesi: usiku wa namna hiyo uandikwe siku mbili zinazofuatana, zote zishikwe, na mwitaji aambiwe kwamba mmoja utaachiliwa mwezi ukiandama. Karani asiyejua hayo huziuza siku zote mbili kwa watu wawili.

Hatujafika bado kwenye mtego ulio mkubwa, nao ni lugha yetu wenyewe. Kwa wazee wetu siku huanza Magharibi. Usiku hutangulia mchana wake. Bibi akisema "usiku wa Ijumaa" akusudia usiku ambao kesho yake ni Ijumaa, ambao kijana wa skuli auita "Alhamisi usiku". Na saa zetu huhesabiwa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua, hata saa mbili ya usiku kwa mtu wa mbali ikawa ni saa ishirini, au, akiwa hajui kabisa, ikawa ni saa nane ya usiku wa manane.

Iko nyumba tunayoijua, upande wa kusini wa mji wetu, ya mama mjane ambaye katika Mfungo Sita wa mwaka 2024 alitaka kumsomea maulidi marehemu mumewe. Aliuza mbuzi wawili na kununua mchele. Alimpigia simu karani wa chama, naye karani akiwa katika mji wa mbali, akamwambia: "Mwanangu, usiku wa Ijumaa, saa mbili, inshallah." Karani akaandika Ijumaa. Alhamisi baada ya Isha majirani walikaa mikekani, udi umefukizwa, chakula kimeiva. Saa tatu ikapita. Wazee wawili waliokuwapo wakaona haya kwa ajili ya yule mama, wakafungua Barzanji wakaisoma wenyewe bila dufu wala kipaza sauti, watu wakala wakaenda zao. Kesho yake usiku gari lenye vijana thelathini likasimama mbele ya nyumba iliyofungwa taa. Nauli ikawa juu ya chama, na aibu ikawa juu ya mjane. Wala karani hakusema uongo, wala mama hakukosea. Kila mmoja alisema kweli kwa hesabu ya nyumbani kwao. Neno moja tu lingaliokoa yote, lau karani angaliuliza: "Mama, ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au wa kuamkia Jumamosi?" Swali hilo na liandikwe juu ya kila daftari, kwa wino mwekundu.

Sasa tuje kwa watoto, kwani hapa ndipo tunapotaka wazazi watusikilize zaidi.

Sauti za kasida ni za watoto. Wengi wa hao wana umri wa miaka kumi mpaka kumi na minne, na asubuhi ni wanafunzi wa skuli za serikali. Mtihani wa kumaliza darasa la saba kwa Tanzania Bara hufanywa mwezi wa Septemba, nao ndio unaomtenga atakayeendelea na atakayebaki. Mfungo Sita wa 2024 ulianza mwanzoni mwa Septemba. Wa 2025 ulianza mwishoni mwa Agosti na kumalizika baada ya tarehe 20 Septemba. Basi miaka miwili mfululizo mtihani umeangukia katikati ya mwezi ambao vyama huitwa karibu kila usiku. Mtoto apiga dufu Muheza mpaka saa sita ya usiku, afika kwao saa nane, na saa moja ya asubuhi yuko dawatini. Siku za nyuma mwalimu wa chuo aliyajua haya bila kuambiwa, kwa kuwa mtoto yule alikuwa wa jirani yake, alimwona macho mekundu akamwambia, "Wewe leo hubebi dufu, nenda kalale." Karani wa mbali hamwoni mtoto. Daftari lake lasema chama kina siku tupu, naye siku tupu ni hasara mbele ya macho yake, basi huijaza.

Kwa hakika hesabu ya mwezi itaondoa mgongano huu yenyewe: mwaka 2027 Mfungo Sita utaanza mapema Agosti, na Septemba ikiingia utakuwa umekwisha au wakaribia kwisha. Lakini mwezi urudio nyuma hukutana na jambo lingine mbele yake. Kwa hiyo twashauri kwamba kabla karani hajapewa namba hata moja ya mwitaji, apewe kwanza orodha ya siku zilizofungwa: mitihani, siku za kufungua skuli, na usiku wowote ambao kesho yake ni siku ya masomo na safari yapita saa moja ya gari. Wazazi ndio wa kuitoa orodha hiyo, kila mmoja kwa mwanawe, mwanzo wa mwaka. Na siku iliyofungwa isifunguliwe kwa bahasha nene. Twasema hivi kwa kuwa twaijua nguvu ya bahasha nene.

Tena daftari huwa na haja ya siku ambazo si za maulidi: mazoezi, safari na kupumzika. Chama kikienda Lamu kwa maulidi ya msikiti wa Riyadha, ambayo huvuta watu wa pwani nzima katika siku za mwisho za Mfungo Sita, hakipotezi usiku mmoja, chapoteza wiki. Karani aandike wiki nzima.

Upande wa malipo hatutakaa sana. Mawakala wa wanamuziki huko Ulaya huchukua fungu katika kila malipo, mara nyingi kati ya 10 na 20 kwa mia. Kwa chama cha taarabu chenye bei yake hilo laweza kuhesabika. Kwa chama cha kasida, ambacho nyumba moja hutoa shilingi laki mbili na nyumba ya pili hutoa sahani za pilau na dua, fungu la kitu kisichojulikana ni ugomvi uliopangiwa tarehe. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii hushurutisha ujira uwe wenye kujulikana, na maisha ya vyama yaonyesha kwa nini. Karani apewe mshahara wa mwezi, mwingi au mchache, uliotajwa. Mwenye fungu hupenda kujaza siku, na mwenye mshahara hana haja hiyo. Hapo mtoto wetu wa darasa la saba hupata usalama wake.

Na kuna arbuni. Karani wengi hunakili mikataba ya kigeni isemayo kwamba arbuni hairudishwi kwa hali yoyote. Katika biashara wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya arbuni ya namna hiyo: Imam Ahmad aliiruhusu, na wengi wengine, Imam Shafii akiwa mmoja wao, waliikataa. Kwa rai yetu, mwitaji akivunja miadi alipe kilichokwisha kutoka kweli, kama nauli iliyolipwa na vipaza sauti vilivyokodiwa, na kinachobaki arudishiwe. Nyumba iliyovunja harusi kwa kufiwa haifai kupelekewa mkataba.

Vyama vya kasida vya akina mama vina jambo la zaidi. Daftari lao lina namba za simu za wake na mabinti za watu, na nyumba wanazokaa, na saa wanazotoka. Twaona karani wao awe mwanamke mwenye kujulikana, na wanachama wasiandikwe namba zao moja moja. Namba ya kiongozi yatosha.

Yabaki suala la mpaka. Kwa fikihi jambo hili ni wakala: mtu amemweka mwingine mahali pake. Wakili ni mwaminiwa. Hatozwi kilichopotea illa amefanya uzembe au amevuka aliloamriwa. Na neno atakalolitoa ndani ya mpaka wake humfunga aliyemweka. Hebu tulipime hilo vizuri: karani akisema "ndiyo", aliyesema "ndiyo" mbele ya mwitaji ni mwalimu, na chama, na chuo. Na sote twajua ahadi ya kuvunjwa imehesabiwa pamoja na alama za nani. Kwa hiyo mpaka tunaouona sisi ni huu: karani apokee, aandike, ashike tarehe, akumbushe, aonye kwamba siku mbili zagongana, lakini kuthibitisha kusitoke mkononi mwa mzee mmoja wa chama, naye ajulikane kwa jina. Chama kimoja kilicho jirani nasi chafanya hivyo kila Alhamisi. Karani hupeleka orodha ya mishiko ya wiki. Baada ya Isha mzee huisoma kwa sauti mbele ya vijana na wazazi waliohudhuria. Mwenye udhuru husema. Zinazokubaliwa hutiwa alama, na karani huwapigia waitaji asubuhi yake. Kazi hiyo yachukua robo saa.

Na ikitokea, pamoja na hayo yote, kwamba chama hakiwezi kufika, kwa maradhi au kwa gari kuharibika au kwa tarehe kugongana, habari hiyo isipelekwe na karani kwa ujumbe wa simu. Aende mtu mzima wa chama kwa miguu yake mpaka mlangoni pa mwitaji, na aende mapema, kabla mchele haujaoshwa, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kutafuta chama kingine au kuwaita wazee wake wenye Barzanji.